Je, kaunti inaweza kukopa ili kumjengea mwekezaji kiwanda? Tunaombwa sahihi Kariobangi

Katibu_Fundi aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba msaada wa wale wanaozifahamu sheria za fedha za kaunti, kwa sababu kuna jambo limetufikia ambalo hatutaki kuliingia kwa pupa, na tumetakiwa kutoa jibu kabla ya mwezi kwisha.

Mimi ni katibu wa kikundi cha mafundi wa vyuma pale Kariobangi Light Industries, Nairobi. Kazi zetu mnazijua: milango, madirisha, majiko, mashine za kukatia majani ya ng'ombe, na vipuri ambavyo mteja havipati dukani. Shida yetu kubwa ni kusubu. Fundi akihitaji puli ya mashine, yaani gurudumu linalozungushwa na mkanda, humpelekea msubu kielelezo, naye huyeyusha alumini chakavu kwenye tanuri linalowashwa kwa oili chafu, akaimimina kwenye kalibu ya mchanga. Mara nyingi puli hiyo huwa na matundu ndani ambayo hayaonekani mpaka ianze kukerezwa, na hapo kazi ya siku nzima imeharibika. Kwa hivyo mtu aliyetujia na habari za tanuri la umeme alitupata tukiwa na haja ya kweli.

Mtu huyo ni mwekezaji ambaye sitamtaja. Ametuletea waraka unaopendekeza kwamba kaunti ikope shilingi milioni 600 kutoka benki, ijenge godauni la kisasa na tanuri kwenye ardhi ya umma, kisha imkabidhi yeye kila kitu kwa miaka 20 kwa kodi nafuu. Sisi mafundi tutatengewa nafasi upande mmoja wa jengo, na yeye anaahidi kuajiri vijana wa mtaa. Kaunti yenyewe haijasema lolote, wala sijasikia kwamba imeuona waraka huo. Anachotaka kwetu ni barua ya kuunga mkono, ambayo atakwenda nayo kwa wawakilishi wadi kama ushahidi kwamba umma umeshirikishwa.

Kilichonizuia kutia sahihi ni sentensi moja iliyo karibu na mwisho, isemayo kwamba endapo mapato ya kiwanda hayatatosha kulipa mkopo, kaunti italipa salio kutoka kwa mapato yake. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba hayo ni maneno ya kawaida ambayo benki huyapenda.

Sipingi kiwanda, na wenzangu wengi wanakitaka. Ninachouliza ni kama sheria inairuhusu kaunti kukopa kwa niaba ya biashara ya mtu, na kama kuna tofauti kati ya kumpa zawadi na kumkodishia. Pia mmoja wetu aliyesoma Marekani anasema kule miji imekatazwa kabisa kufanya hivi. Kama ni kweli, walikatazwa kwa sababu gani?

Wakili_wa_Ngara alijibu:

Katibu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia sahihi. Nitaanza na Katiba yetu, kwa kuwa ndiyo itakayoamua jambo hili, na habari za Marekani nitawaachia wenye ujuzi nazo.

Kifungu cha 212 cha Katiba ya Kenya ya 2010 ni kifupi na hakina kona. Serikali ya kaunti inaweza kukopa tu ikiwa serikali ya kitaifa imeudhamini mkopo huo, na ikiwa bunge la kaunti limeuidhinisha. Masharti hayo mawili huenda pamoja, wala moja haliwezi kulijazia pengo lingine. Kwa hivyo hata wawakilishi wadi wote wakiukubali mpango huu kwa kauli moja, na hata mkileta barua za vikundi mia moja, kaunti haitakuwa na mamlaka ya kuchukua hata shilingi moja ya zile milioni 600 bila dhamana ya taifa. Na kwa kuwa wengi huuliza kama mji unaweza kukopa peke yake, niseme pia kwamba chini ya Katiba hii miji na manispaa haina serikali zake. Huendeshwa na bodi kwa niaba ya kaunti, na hapa Nairobi jiji na kaunti ni kitu kimoja.

Dhamana yenyewe haitolewi kwa urafiki. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, katika kifungu cha 58, inamruhusu waziri anayesimamia Hazina ya Kitaifa kudhamini mkopo wa kaunti au wa mkopaji mwingine, lakini Bunge ni lazima liidhinishe, mkopo uwe wa mradi wa maendeleo wenye kuacha mali, na mkopaji aonekane ana uwezo wa kulipa deni pamoja na riba. Tena, mkopaji akiwa ni mtu binafsi, sheria inataka aweke rehani ya kutosha. Hapo ndipo ninapokuomba uusome waraka wenu upya. Mwekezaji akienda Hazina kwa jina lake mwenyewe ataulizwa ana rehani gani. Kaunti ikikopa kwa ajili yake, swali hilo haliulizwi, kwa sababu rehani imegeuka kuwa kodi ya ardhi, leseni za biashara na ada za kuegesha magari ambazo wakaazi wa Nairobi wanalipa kila siku.

Kuna vizuizi vingine vinavyohusu kiasi na matumizi. Sheria hiyohiyo inataka mikopo ya kaunti itumike kwa maendeleo na si kwa mishahara au matumizi ya kawaida, na kanuni za 2015 za serikali za kaunti zinasema deni la kaunti lisizidi asilimia 20 ya mapato yake yote wakati wowote ule. Pia mkopo unatakiwa uwe kwa madhumuni ya serikali ya kaunti yenyewe. Mpango wenu una hoja moja nzuri katika jambo hili, nami sitaki kuificha. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kuendeleza na kusimamia biashara, zikiwemo masoko, kwa hivyo godauni la mafundi linaweza kutetewa kuwa ni kazi halali ya kaunti. Tanuri la kampuni ya mtu mmoja kwa miaka 20 ni vigumu zaidi kulitetea. Nikiulizwa mahakamani mahali mpaka ulipo kati ya hayo mawili, nitasema tuangalie ni nani anayeingia humo kwa haki na ni nani anayeingia kwa hisani ya mwenye kampuni.

Umeuliza kama kukodisha kuna tofauti na kutoa zawadi. Tofauti ipo, lakini haitoshi. Kodi ya pango ikiwa ni ya bei ya soko, kaunti imepata thamani ya mali yake. Kodi ikiwa ni ya chini bila sababu iliyoandikwa, basi ile nafuu ni zawadi inayotolewa kidogo kidogo. Isitoshe, Kifungu cha 227 kinataka taasisi za umma zinunue bidhaa na huduma kwa njia ya haki, ya uwazi na yenye ushindani, na hakuna ushindani pale ambapo aliyeandika pendekezo ndiye aliyetajwa ndani yake kuwa mpangaji. Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na ya Kibinafsi ya 2021 inayakubali mapendekezo yanayoanzishwa na mwekezaji mwenyewe, ila inayapitisha kwenye uchunguzi wake, na mradi wa kaunti unahitaji idhini ya bunge la kaunti. Hiyo ndiyo njia iliyowekwa. Barua ya kikundi cha mafundi haimo katika njia hiyo.

Sasa ile sentensi iliyokuzuia. Si maneno ya kawaida. Ndiyo mkopo wenyewe. Mtu anayeahidi kulipa deni la mwenzake litakaposhindikana amejitia katika deni hilo, hata kama jina lake halipo kwenye ukurasa wa kwanza. Kwa maoni yangu, ahadi hiyo ikitolewa nje ya masharti ya Kifungu cha 212 haina nguvu, na afisa atakayeiandika ajue kwamba Kifungu cha 226 kinamfanya mtu anayeelekeza au kuidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria awajibike kwa hasara inayotokea, awe bado yuko ofisini au ameondoka.

Kuhusu kusaini: hamtawajibika kulipa deni kwa sababu ya barua ya kuunga mkono. Lakini jina la kikundi chenu litatumika kama kwamba mafundi wa Kariobangi walielezwa masharti yote wakaridhika nayo, na hilo si kweli. Waraka wa namna hiyo hauwezi kuchukua nafasi ya ushiriki wa umma unaotakiwa na Katiba, ambao huitishwa na bunge la kaunti au serikali ya kaunti, watu wakapewa nyaraka na muda wa kuzisoma.

Mwalimu_SouthB alijibu:

Niruhusuni nichukue sehemu ya Marekani. Nimefundisha historia kwa muda mrefu, na somo hili hunigusa, kwa sababu karibu kila kifungu cha kuzuia miji isikopee biashara kiliandikwa baada ya watu kuumia.

Mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825 katika jimbo la New York, faida yake ilikuwa kubwa hata majimbo mengine yakaiga. Yakakopa, hasa kutoka kwa watu wa Uingereza na Ulaya, ili kujenga mifereji na reli na kuweka mtaji katika benki. Msukosuko wa kifedha wa mwaka 1837 ulipokuja, mapato yaliyotarajiwa hayakupatikana, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1840 majimbo 8 pamoja na eneo la Florida yalikuwa yameshindwa kulipa. Watu wakarekebisha katiba zao na kuyafunga majimbo mikono. Ila hawakuifunga miji, na kampuni za reli zikaliona pengo hilo upesi. Zikaenda kwa kila mji mdogo na kuuambia kwamba usipotoa hatifungani, yaani hati za deni zinazouzwa kwa wakopeshaji, za kutusaidia, tutaipitisha reli kwa jirani yako. Miji ikaogopa kuachwa, ikatia sahihi. Mingine ilibaki na deni na reli haikufika.

Ndipo Ohio, katika katiba yake ya 1851, ikakataza kaunti, majiji na miji kununua hisa katika kampuni au kuikopesha jina lao, yaani kuidhamini mikopo yake. New York iliweka katazo kama hilo kwa kaunti, majiji, miji na vijiji vyake mwaka 1874. Majimbo mengi yalifuata, kila moja kwa maneno yake. Kwa hivyo mwenzenu aliyesoma huko amesema kweli kwa sehemu kubwa, ingawa neno "kabisa" si sahihi, kama nitakavyoeleza.

Kesi inayofanana na yenu kuliko zote ilitoka Topeka, katika jimbo la Kansas. Jiji hilo lilitoa hatifungani za dola 100,000 kuisaidia kampuni ya kutengeneza madaraja ya chuma ianzishe kiwanda mjini. Riba ya kwanza ililipwa, kisha jiji likagoma, na taasisi ya fedha ya Cleveland iliyokuwa imezinunua hatifungani hizo ikashtaki. Mwaka 1874 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hatifungani zile ni batili. Jaji Samuel Miller alieleza kwamba deni la mji hulipwa kwa kodi, na kodi haiwezi kutozwa ila kwa jambo la umma. Kuitwaa mali ya raia kwa mkono wa serikali na kumpa mtu mwingine ili akuze biashara yake ni unyang'anyi hata kama umevikwa sura ya sheria. Wakili wa upande wa pili alisema kiwanda kitauletea mji faida. Jibu la mahakama lilikuwa kwamba kila mfanyabiashara huuletea mji faida, awe mwenye duka, fundi, mwenye hoteli au mwenye benki, na ukimpa mmoja kwa hoja hiyo huna sababu ya kumnyima yeyote.

Angalieni ni nani aliyepata hasara. Jiji liliokoka, na aliyeachwa na makaratasi yasiyo na thamani ni mkopeshaji. Benki yoyote ya Nairobi inayoambiwa kwamba kaunti italipa salio ingefaa iisome kesi hiyo.

Miaka miwili kabla ya hapo, mahakama ya jimbo la Maine ilikuwa imeuzuia mji mdogo wa Jay usiwakopeshe watu dola 10,000 ili wahamishie kinu chao huko. Na baada ya moto mkubwa wa Boston wa Novemba 1872, bunge la Massachusetts liliruhusu jiji litoe hatifungani za hadi dola milioni 20 ili kuwakopesha wenye viwanja wajenge upya. Hata msiba wa namna ile haukuwashawishi majaji wa jimbo hilo. Walisema kujengwa kwa majumba ya watu binafsi kunaweza kuunufaisha umma, lakini faida hiyo ni ya pembeni, na kodi haitozwi kwa ajili ya faida ya pembeni. Binafsi naona uamuzi ule ulikuwa mkali mno, kwa kuwa watu waliounguliwa na maduka hawafanani na kampuni inayotafuta mji wa kuukamua, ila mantiki yake imesimama.

Baadaye mlango ulifunguliwa kidogo. Mwaka 1936, katika ukata wa miaka ile, Mississippi ilipitisha sheria iliyoruhusu miji kutoa hatifungani, kujenga viwanda na kuvikodisha, kwa sharti la kibali cha tume ya jimbo na kura ya wakaazi wa mji wenyewe. Mahakama ya jimbo iliukubali mpango huo mwaka 1938. Majimbo mengine yakaja na hatifungani zinazolipwa na mapato ya mradi peke yake, ambapo mkopeshaji anakubali tangu mwanzo kwamba mradi ukianguka hawezi kuugeukia mji. Linganisheni sharti hilo na ile sentensi ya waraka wenu, ambayo inasema kinyume chake.

Nimalizie na uamuzi wa karibuni. Mwaka 2021, Mahakama ya Juu ya Arizona iliubatilisha mpango wa jiji la Peoria wa kukilipa chuo kikuu cha kibinafsi na mwenye jengo lake jumla ya takribani dola milioni 2.6 ili chuo kifungue tawi mjini. Jiji lilitetea kwamba uchumi utakua. Mahakama ikasema ukuaji unaotarajiwa hauhesabiwi kuwa malipo. Kinachohesabiwa ni kile ambacho mpokeaji amejifunga kuupa mji. Nanyi muulizeni mwekezaji wenu amejifunga kuajiri watu wangapi, kwa muda gani, na asipofanya hivyo kaunti inaweza kumdai nini.

Katibu_Fundi alijibu:

Nawashukuru sana, wakili na mwalimu. Nilimsomea mwenyekiti wetu majibu haya kwa simu na akataka niulize jambo moja. Mwekezaji amesema jana kwamba kama neno "mkopo" linaleta shida, anaweza kukopa yeye, na kaunti itie sahihi mkataba wa kumlipa ada ya kila mwaka kwa miaka 20 ili mafundi watumie tanuri. Je, hapo tatizo limekwisha?

Mkaguzi_Mstaafu alijibu:

Mheshimiwa katibu, halijakwisha. Limebadilishiwa jina. Nilikagua hesabu za serikali za mitaa tangu enzi za mabaraza ya miji, na nataka nikujibu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi za umma hupotelea.

Malipo ya kila mwaka ambayo kaunti haiwezi kuyakwepa kwa miaka 20 yana uzito uleule wa deni. Benki itakayomkopesha mwekezaji itauchukua mkataba ule na kuushikilia kama dhamana, na hesabu yake itaanzia kwenye uwezo wa kaunti kulipa, si kwenye idadi ya puli zitakazosubiwa. Swali la kuuliza kuhusu mkataba wa namna hiyo ni moja: tanuri likizimika kesho, kaunti bado inalipa? Ikiwa inalipa tu kwa saa ambazo mafundi wamelitumia, hiyo ni huduma inayonunuliwa, na inunuliwe kwa zabuni. Ikiwa inalipa hata tanuri likiwa baridi, hilo ni deni, na naona masharti ambayo wakili ameyaeleza yanapaswa kuhusika nalo.

Nairobi haina haja ya kufundishwa uzito wa ahadi zilizotolewa zamani. Kaunti hii ina malimbikizo ya madeni yanayofikia makumi ya mabilioni ya shilingi, na sehemu yake ilirithiwa kutoka kwa baraza la jiji la zamani. Kabla ya ugatuzi, mabaraza yalikuwa yakikopa kupitia Mamlaka ya Mikopo ya Serikali za Mitaa, na mengi yalishindwa kulipa. Madeni yakakaa vitabuni, riba ikaongezeka, na mwishowe kaunti zilizoanza kazi 2013 zikakuta mzigo ambao hazikuuanzisha zenyewe. Nadhani kumbukumbu hiyo ni miongoni mwa sababu za Kifungu cha 212 kuandikwa kwa ukali ule, na Kifungu cha 201 kusema kwamba mizigo na manufaa ya kukopa vigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo.

Niongeze mfano wa Afrika Kusini, ambao uko karibu nasi kuliko Kansas. Sheria yao ya fedha za manispaa ya 2003 inaruhusu deni la muda mrefu kwa ajili ya mali ya kudumu itakayotumika kutimiza malengo ya serikali ya mtaa, inaweka masharti makali kwa manispaa inayotaka kudhamini deni la mtu mwingine, na inakataza manispaa kuwakopesha madiwani, wafanyakazi wake au wananchi. Ukiisoma unaona waliifikiria kila njia ambayo jina la manispaa linaweza kutumiwa na mtu wa nje, na wakaitaja kwa jina lake.

Lakini sikubaliani na mwelekeo wa kuona msaada wowote kwa biashara kuwa ni dhambi. Serikali yetu imekuwa ikiwakopesha wenye viwanda vidogo kupitia Kenya Industrial Estates tangu 1967, na tangu Novemba 2022 Hazina ya Hasla imekuwa ikiwakopesha watu binafsi moja kwa moja. Kaunti nazo zinaweza kuanzisha hazina maalumu kwa idhini ya bunge la kaunti. Tofauti ni kwamba fedha hizo zimetengwa kwenye bajeti, kiasi kinajulikana, kanuni zinamhusu kila anayetimiza masharti, na fedha zikiisha zimeisha. Hakuna anayeweza kurudi baadaye kudai salio kutoka kwa kodi ya ardhi ya mama mwenye nyumba Dandora.

Mfano mwingine ni vituo vya kukusanyia mazao na viwanda vinavyojengwa katika kaunti, ambavyo serikali ya kitaifa na kaunti zilipangiwa kuchangia shilingi milioni 250 kila upande. Mtu anaweza kuulaumu mpango huo kwa mengine, lakini angalau kinachojengwa ni cha umma. Kwenu pia, kaunti ingeweza kujenga kile kitakachobaki kuwa cha umma hata mwekezaji akiondoka: barabara ya kuingilia, mtaro wa maji machafu, laini ya umeme wenye nguvu ya kuendesha tanuri, na mabanda yanayokodishwa kwa fundi yeyote kwa bei iliyotangazwa. Mashine alete mwenye faida, kwa mkopo wake na rehani yake. Tanuri la umeme haliwezi kuja bila laini hiyo, na mkitatuliwa hilo, tanuri litakuja bila ya kubembelezwa.

Na kama atakuja kuomba asamehewe ada au kodi badala ya mkopo, mkumbusheni Kifungu cha 210. Kodi au ada ya leseni haisamehewi ila kwa mujibu wa sheria, na kila msamaha ni lazima uwekwe kwenye kumbukumbu pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe.

Mama_Kamukunji alijibu:

Nimeyasoma yote na ninayaheshimu, ila naomba mtu aseme upande wa sisi tusiokopesheka. Benki inaniomba hati ya ardhi. Sina. Mwekezaji anayo, au anamjua mwenye nayo. Sheria hizi zikibana kila mlango, mwenye mali atakopa kwa mali yake na fundi atabaki kumimina alumini kwenye mchanga. Mimi ningetaka kaunti isaidie, hata kwa kukopa, mradi mwenye kusaidiwa awe ni ushirika wa mafundi na si kampuni ya mtu mmoja. Je, hilo linawezekana kisheria?

Wakili_wa_Ngara alijibu:

Mama, hoja yako ina uzito, na nina furaha kwamba umeitaja. Vyama vya ushirika vimetajwa katika Jedwali la Nne miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hivyo mradi unaoupa ushirika wa mafundi banda na mashine za pamoja una mizizi ya kisheria ambayo kampuni ya mwekezaji haina. Bado mkopo wa kaunti ungehitaji dhamana ya taifa na kura ya bunge la kaunti, na ndiyo maana ningewashauri muanze na fedha za bajeti au hazina maalumu, ambazo zinapatikana kwa mwaka mmoja wa bajeti mkijipanga mapema, kuliko mkopo ambao unaweza kukaa Hazina ya Kitaifa miaka bila kujibiwa.

Katibu, kwa haya yote, ningeandika barua nyingine badala ya ile mliyoletewa. Iandikwe kwa karani wa bunge la kaunti, pale City Hall, na isipitie mikononi mwa mwekezaji. Isemeni haja yenu jinsi ulivyotueleza sisi, pamoja na ile habari ya puli yenye matundu, kwa sababu mwakilishi wadi ambaye hajawahi kusimama mbele ya mashine ya kukereza hawezi kuijua. Ombeni mabanda, umeme na mashine za kusubia zitakazokuwa mali ya umma na kutumiwa na kikundi chochote kilichosajiliwa. Elezeni kwamba mmeletewa pendekezo la kibinafsi linaloifanya kaunti ilipe salio la mkopo, kwamba hamjaliunga mkono, na ambatisheni nakala yake. Kisha, mkitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ombeni mpewe nakala ya waraka wowote unaohusu ardhi hiyo ambao kaunti imeupokea, kutoka kwa mtu yeyote. Afisa anatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Nakala moja ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yenu, na mrudi nayo Kariobangi.